WAFU WATEMBEAO NA WAFU WATAKAOFUFUKA



Mwezi huu wa Novemba Kanisa linatuita kuwakumbuka Watakatifu Wote tarehe 1, na Marehemu Waumini Wote tarehe 2. Tunafyeka majani makaburini, tunawasha mishumaa, na majina ya wapenzi wetu yanasomwa mbele ya madhabahu. Ndiyo sababu tumeona vema kuzungumza nanyi habari za wafu. Lakini hatutaanza na wafu wetu. Tutaanza na wale ambao vijana wetu huwatazama usiku, katika vibanda vya video na katika simu zao: wafu watembeao, waitwao mazombi, na ambao wengi wetu huwaita misukule kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo.

Pengine mzee mmoja atauliza, "Padre, sinema zinatuhusu nini sisi?" Zinatuhusu, ndugu zangu. Jambo ambalo watoto wetu hulitazama kila juma ni mahubiri, ijapokuwa hayana mimbari, na yatupasa kujua yanahubiri nini. Kwa hiyo tuliketi pamoja na vijana wa kwaya tukatazama baadhi ya sinema hizo, tukasoma na habari zake. Haya ndiyo tuliyoyaona.

ASILI YA ZOMBI

Sinema hizi nyingi zimetoka Marekani, lakini zombi mwenyewe alitoka Haiti, katika visiwa vya Karibi, wakati nchi hiyo ilipotawaliwa na Wafaransa na kuitwa Saint-Domingue. Huko Waafrika walipelekwa kwa maelfu kulima miwa. Wengi wao walitoka Kongo na Angola, na wataalamu wengi hulihusisha neno lenyewe na lugha za huko. Kazi ya miwa iliua watu upesi, na pengo la aliyekufa lilizibwa na mwingine aliyeshushwa merikebuni. Mtumwa alikuwa na tumaini moja, kwamba siku ya kufa angerudi Gine, yaani Afrika, kwa mababu zake. Tena alikuwa na hofu moja kubwa kuliko mauti, kwamba mchawi angemwamsha kaburini, amnyang'anye nia yake na jina lake, na kumrudisha shambani akalime bila mwisho. Huyo ndiye zombi.

Angalieni basi. Zombi wa kwanza hakula watu wala hakumwuma mtu. Alikuwa mtumwa aliyenyimwa hata pumziko la kaburi. Watu wa Haiti walivunja minyororo wakapata uhuru mwaka 1804, lakini hofu ile ilibaki katika masimulizi yao. Wanaojua habari za msukule na ndondocha wa kwetu wataitambua mara moja, maana huyo pia husemwa kuwa ni maiti anayelimishwa shamba la mtu mwingine usiku. Wala sisi Waanglikana hatuwezi kujifanya wageni wa habari za utumwa. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873.

Majeshi ya Marekani yaliikalia Haiti tangu mwaka 1915 hadi 1934. Mwaka 1929 Mmarekani William Seabrook aliandika kitabu juu ya nchi hiyo, na mwaka 1932 ikatoka sinema iitwayo White Zombie, ambamo maiti wanasaga miwa kiwandani kwa bwana wao. Kisha mwaka 1968 George Romero, wa mji wa Pittsburgh, akatengeneza kwa fedha kidogo sinema ya Night of the Living Dead. Hapo mambo yakageuka. Bwana akatoweka, shamba likatoweka, akabaki maiti mwenye njaa ya nyama ya watu. Mtumwa wa kuhurumiwa akawa adui wa kupigwa risasi kichwani.

Baada ya miaka ya 1980 sinema hizi zilififia. Mchezo wa kompyuta wa Resident Evil, uliotoka Japani mwaka 1996, ukaamsha hamu yake tena, na tangu mwaka 2002 zimefurika. Mwaka huo ilitoka 28 Days Later ya Uingereza, ambamo ugonjwa wenyewe ni ghadhabu iambukizwayo kwa damu. Mwaka 2004 sinema ya Romero ya mwaka 1978, Dawn of the Dead, ikatengenezwa upya. Tangu mwaka 2010 hadi 2022 televisheni ilionyesha The Walking Dead. Mwaka 2013 ikaja World War Z, mwaka 2016 Train to Busan ya Korea Kusini, na mwaka 2025 28 Years Later. Katika miaka hiyohiyo dunia imeona miji ikishambuliwa, Ebola ikiua, na mwaka 2020 barabara za miji mikubwa zikiwa tupu kwa ajili ya Korona. Mtu mwenye hofu hutafuta sura ya kuipa hofu yake. Tusiwacheke wanaotazama.

HATARI ILIYOMO

Karibu kila sinema ya namna hii ina dakika moja inayofanana. Mama ameumwa, au mume, au ndugu. Aliye hai ameshika silaha, na mwenzake anamwambia: huyo si ndugu yako tena, piga! Naye akipiga, sisi watazamaji tunashusha pumzi. Hapo ndipo palipo na mahubiri. Tunafundishwa kwamba jirani aweza kuacha kuwa jirani, na kwamba siku hiyo ikifika hatuna wajibu wowote kwake.

Mtasema ni michezo tu. Basi tuwaambie jambo lililotokea karibu nasi. Mama mmoja alimzika mwanawe wa kiume, kijana aliyeugua kwa siku chache tu. Hata arobaini haijafika, watu walianza kumjia jioni wakimnong'oneza: mwanao hakufa, tulizika mgomba, yeye yuko kwa bibi yule anayekaa peke yake, analimishwa. Mama yule akaacha kulia. Akawa anakaa mlangoni usiku akisikiliza. Na usiku mmoja mawe yakarushwa juu ya bati la yule bibi, ambaye kosa lake lilikuwa uzee, macho mekundu ya moshi wa kuni, na kutokuwa na mtoto wa kumtetea.

Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyorusha mawe. Habari za msukule ni za kale kuliko sinema zote. Lakini mafundisho ni yaleyale: yule si mtu, yule si mwenzetu. Na hatuna budi kukiri mbele yenu kwamba sisi viongozi wa kanisa tulisikia minong'ono ile kwa juma zima tukanyamaza, tukidhani itapita. Tulikwenda baada ya mawe. Bibi alitufungulia mlango akiwa na kinu mkononi, akatuuliza kama tumekuja kumtazama au kumtoa. Swali lile bado tunalo.

ALIYEULIZWA JINA NA ASIYEULIZWA

Tuwe wa haki, ndugu zangu. Baadhi ya watengenezaji wa sinema hizi wameiona hatari hiyo kuliko sisi. Katika ile ya mwaka 1968 yuko mtu mweusi aitwaye Ben, aliyechezwa na Duane Jones. Anapigana usiku kucha ndani ya nyumba iliyozingirwa, na wenzake wote wanakufa. Asubuhi waokoaji wanakuja na bunduki. Ben anachungulia dirishani. Nao wanampiga risasi wakidhani ni mmoja wa wafu, wanamburuta kwa kulabu, wanamchoma moto pamoja nao. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwuliza jina. Maiti wa usiku kucha walishindwa kumwua. Walio hai walimwua kwa dakika moja.

Katika ile ya Korea ya mwaka 2016 mwisho ni mwingine. Baba mmoja, mtu wa mambo ya fedha aliyezoea kumwambia binti yake ajijali mwenyewe tu, mwishowe anatoa maisha yake ili mtoto apone. Mtoto na mama mmoja mja mzito wanapita kwa miguu ndani ya handaki la reli lenye giza. Upande wa pili askari wameelekeza bunduki, maana hawawezi kuwatambua. Amri ya kupiga imekwisha kutoka. Ndipo mtoto, akimlilia baba yake, anaanza kuimba. Askari wanasikia sauti, na wanashusha bunduki, kwa kuwa wafu hawaimbi.

Tulipofika hapo kijana mmoja wa kwaya alisema polepole, "Kumbe walingoja kusikia." Naam. Walingoja kusikia. Tofauti ya sinema hizi mbili ndiyo tofauti ya mtaa unaorusha mawe na mtaa unaobisha hodi.

Someni Marko mlango wa 5. Yuko mtu aliyekaa makaburini, akilia usiku na mchana, akijikatakata kwa mawe. Watu walimfunga kwa minyororo akaikata, na hakuna aliyeweza kumshinda. Kama yupo mtu katika Injili anayefanana na zombi, ni huyo. Na Bwana wetu alifanya nini? Hakukimbia, wala hakuokota jiwe. Aliuliza jina. Na mwisho wa habari mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, naye anatumwa arudi nyumbani kwa watu wake.

KUAMKA SI KUFUFUKA

Wapendwa, yafaa sasa tuseme wazi imani yetu, maana tumeona vijana wakiyachanganya mambo haya, wakidhani ufufuo ni maiti kuinuka na kutembea tu. Sivyo.

Kwanza, bwana wa zombi humwinua maiti ili amfunge. Bwana wetu alipomwita Lazaro atoke kaburini, aliamuru afunguliwe sanda na kuachwa aende zake. Twasoma hayo katika Yohana mlango wa 11.

Pili, zombi hana jina tena, wala hamjui mama yake. Bwana aliyefufuka alimwita Mariamu kwa jina lake bustanini, naye akamtambua kwa sauti. Katika ufufuo hatupotezi utu wetu. Ndipo tutakapokuwa sisi wenyewe kabisa.

Tatu, wafu wa sinema huinuka wakiwa na njaa ili wale watu. Bwana wetu alifufuka ili alishe watu. Kando ya bahari aliwasha makaa, akawaandalia wanafunzi wake samaki na mkate. Na mpaka leo katika Ekaristi Takatifu anatulisha kwa nafsi yake.

Kwa hiyo wafu wetu hawako katika shamba la mtu yeyote. Hakuna mchawi mwenye shamba kubwa hata likawachukua watoto wa Mungu. Mama uliyemzika mwanao, lia, maana hata Bwana alilia kaburini. Lakini usikae mlangoni ukisikiliza minong'ono. Mwanao yuko mikononi mwa aliyemwumba, na mikono hiyo ina alama za misumari.

CHUMVI

Liko jambo moja katika masimulizi ya Haiti ambalo hatukulitazamia. Wanasema kwamba bwana wa mazombi huwapikia chakula kisicho na chumvi. Zombi akionja chumvi, hata kidogo, huzinduka. Hukumbuka kwamba yeye ni nani, hutupa jembe, na kwenda zake kaburini apumzike. Kwa hiyo kitu ambacho bwana huyo hukiogopa kuliko vyote ni chumvi.

Mnajua Bwana wetu alisema wanafunzi wake ni nini katika dunia. Basi na tuwe chumvi. Tumo sisi pia tulio na jina la kuwa hai, kama kanisa la Sardi lililoandikiwa katika Ufunuo mlango wa 3, na huku mioyo imekufa. Tunakwenda Misa kwa mazoea, tunarudi, tunasikia bibi akisingiziwa, hatusemi neno. Chumvi ya namna hiyo haizindui mtu.

Yatupasa nini? Wazazi, msiwaache watoto wadogo watazame sinema hizi. Na wakubwa wakitazama, ketini nao, muulize: huyu aliyepigwa risasi alikuwa nani? Mliopatwa na msiba, msipokee minong'ono, ileteni kwa padre. Na ninyi nyote mkisikia mzee anatajwa kwa mabaya, nendeni kwake siku hiyohiyo, kwa mchana, mkaketi barazani pake mbele ya watu, mle chakula chake. Msingoje mawe kama sisi tulivyongoja.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, baada ya Misa, tutakwenda kwa pamoja makaburini kuomba, na kutoka huko tutapita kwa bibi yule kumwekea bati jipya. Mwenye nyundo na aje na nyundo. Mama aliyefiwa na mwanawe amesema atakuja, naye ataleta chumvi na unga.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeshuka makaburini mwetu ukatoka humo ukiwa hai, uwape pumziko wapenzi wetu waliolala katika wewe. Utuondolee hofu inayotufanya tuwaone ndugu zetu kuwa adui. Utufundishe kuuliza jina kabla ya kuokota jiwe, hata siku ile utakapotuita sisi nasi kwa majina yetu. Amina.

Ndisi wachungaji wenu katika Kristo.