Siri Ipitayo Mezani

Watu wengi hudhani kwamba siri ya mgonjwa ni jambo la mgonjwa na daktari wake tu. Sisi tufanyao kazi ya karani na mhazili hospitalini twajua sivyo. Barua za rufaa twazipiga chapa sisi, majibu ya maabara hupita mezani petu, na jalada likipotea ndio sisi tunaoulizwa. Mgonjwa alimwambia daktari kwa hiari yake. Sisi hakutuambia neno. Je, siri ambayo hukuambiwa yakupasa kuitunza?

Wako wasemao kwamba kiapo ni cha daktari, karani hakuapa. Hoja hii ni nyepesi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 juu ya Ukimwi haikuwafunga waganga peke yao. Iliwataja na waandika kumbukumbu, waajiri, hata wakalimani wa lugha ya alama. Ni haki. Lakini kufunga mdomo ndiyo sehemu iliyo rahisi. Uso je? Jirani ambaye majibu yake tuliyachapa asubuhi, tukikutana naye sokoni jioni, atasoma nini machoni petu? Kumpa salamu ndefu kuliko ya jana, kumhurumia ghafula, nako ni kusema.

Liko gumu zaidi. Tuseme binti ya dada yake karani ameposwa, na karani amekwisha kuona jalada la mchumba: kijana ana virusi. Anyamaze, mtoto aingie hatarini? Sheria hiyo hiyo yamwagiza mwenye virusi mwenyewe amjulishe mwenzi wake. Basi karani na arudi kwa daktari, asiende kwa dada. Daktari anajua ugonjwa, hajui posa. Tena karatasi moja si habari yote ya mtu. Siku hizi mwenye virusi atumiaye dawa barabara, hata kipimo kisivione tena, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Karani aliyechungulia ukurasa mmoja wa mwaka juzi hajui kijana amefikia wapi.

Lakini arusi ni mwezi ujao, na mama mdogo halali usiku. Atamwita binti, amwambie, "Mwanangu, nendeni mkapime wote wawili." Shauri jema, na kila wachumba walistahili. Ila kama hakumwambia hivyo binti wa kwanza alipoposwa, wala wa pili, akamwambia huyu peke yake, mlango umefungwa na sauti imeshushwa, basi jalada amekwisha kulisoma kwa sauti kuu.

Ndiyo maana twaona afadhali neno hilo lizoeleke nyumbani mapema, watoto walisikie kabla hajaja mposaji yeyote. Hapo karani ataweza kulirudia siku ya posa bila binti kuuliza, "Mama mdogo, umeona nini?"