Msigawanye Kabla Hamjauliza

Sikieni, wanangu mnaokesha na daftari mkingoja mtihani, nanyi wazazi mnaowasomea magazeti! Kuna uvivu mmoja umetuzoea hata hatuuonei aibu tena. Mtu anapewa namba, anazijumlisha, anagawanya, anapiga mistari miwili chini ya jibu, kisha huyo, amemaliza. Namba za nani? Hakuuliza. Zilipatikanaje? Hana habari. Kikokotoo kimesema kweli, yeye amesema uongo.

Haya, tuanze na swali ambalo kila mwaka linawaangusha watu wazima. Mkondo A una wanafunzi 40, wastani wao alama 50. Mkondo B una wanafunzi 10, wastani wao alama 80. Wanafunzi wote pamoja wana wastani gani? Nawasikia: 65! Acheni kalamu! Hiyo 65 imewapa watoto 10 sauti sawa na watoto 40. Nani kawaruhusu kumhesabu mtoto wa mkondo B mara nne? Rudini kwa watu wenyewe: 40 mara 50 ni 2,000, na 10 mara 80 ni 800. Jumla 2,800, gawanyeni kwa watoto 50, mtapata 56. Sijasema lolote gumu hapo. Nimewarudishia kila mtoto nafasi yake tu.

Na mtu akiwaambia kazini kwake wastani wa mshahara ni 800,000, msirukeruke kwa furaha. Wafanyakazi 9 wanaweza kuwa wanapata 300,000 kila mmoja, na bosi peke yake 5,300,000. Pigeni hesabu, wastani unatoka 800,000 kamili, na hakuna hata mmoja anayeipokea. Ulizeni wa katikati anapata ngapi. Atawajibu kwa shingo upande.

Lakini dhambi kubwa iko kwenye sampuli, na hapo ndipo ninapowaomba mtulie. Mmewahi kumtazama mnunuzi wa nafaka na bambo lake? Analichoma kwenye gunia, linatoka na kiganja cha mahindi, anayatazama, anayanusa, anataja bei. Hamwagi gunia zima, wala hana haja. Ila muuzaji mjanja anajua bambo huingia wapi, basi mazuri huyapanga juu na yenye wadudu huyazika chini. Kwa hiyo mnunuzi aliyekwisha kuumwa huchoma juu, huchoma ubavuni, huchoma chini kabisa, na gunia analichagua mwenyewe. Akichoma juu mara mia, amejua habari za juu tu. Mara mia!

Hivyo ndivyo lilivyojimaliza gazeti la Literary Digest la Marekani. Mwaka 1936 lilituma karatasi za kura za maoni zipatazo milioni 10. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na gazeti likatangaza kwa kifua mbele kwamba mgombea urais Alf Landon angepata asilimia 57 na kumshinda Rais Roosevelt. Siku ya uchaguzi Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametoka wapi? Kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena katika miaka ile ya mdororo wa uchumi ambapo mkate wenyewe ulikuwa tabu. Wasio na simu wala gari hawakuulizwa, nao walikwenda kupiga kura. Na hata kati ya waliopata karatasi, waliojibu ni wale walioona haja ya kujibu. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo mara nyingi, alisema Roosevelt atashinda. Mwaka 1938 gazeti lile halikuwapo tena.

Basi msinitishe kwa wingi! Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, kila mmoja akiwa na nafasi sawa ya kuguswa, wanatoa jibu ambalo mara 95 kati ya 100 halikosei kwa zaidi ya pointi 3 hivi, liwe la mkoa au la nchi nzima. Ukitaka kosa hilo lipungue kwa nusu, tafuta watu 4,000, kwa maana sampuli huongezwa mara nne ili kosa lipungue mara mbili. Kosa la bahati hupungua namna hiyo. Kosa la upendeleo hata uongeze milioni, halitikisiki.

Mnaodhani mambo haya ni ya wenye vyeo na uchaguzi, shikeni hili la darasani. Mwalimu anataka wastani wa watoto kwa kila nyumba ya mtaani, anawauliza wanafunzi: kwenu mko wangapi? Tuseme mtaa una nyumba mbili, moja ina mtoto 1, nyingine 7, na wote wako shuleni. Wastani wa kweli ni 4. Lakini darasani mmoja atajibu 1, na saba watajibu 7 kila mmoja. Jumla 50, gawanya kwa 8, ni 6.25! Hakuna mtoto aliyedanganya. Nyumba ya watoto wengi imejibu mara saba.

Sasa ongezeni nyumba ya tatu, isiyo na mtoto hata mmoja, mpige hesabu zote mbili upya. Ya mwalimu haitasogea.