Gombo la Pili

Someni: Yeremia sura ya 36 na sura ya 45



Katika sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia twapata habari za mtu ambaye kazi yake iliteketezwa motoni. Jina lake ni Baruku mwana wa Neria, naye alikuwa mwandishi. Nabii alinena, na Baruku akaandika kwa wino maneno ya unabii wa miaka mingi. Kisha akalichukua gombo, akalisoma hekaluni masikioni pa watu wote. Hata lilipofika kwa mfalme Yehoyakimu ilikuwa mwezi wa tisa, wakati wa baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, zilikatwa kwa kisu cha mwandishi na kutupwa motoni, hata gombo zima likaisha.

Tazameni jambo hili. Kisu kile kilikuwa chombo cha kazi ya mwandishi, cha kuchongea kalamu yake, nacho ndicho kilichotumika kuiharibu kazi ya mwandishi. Ni mangapi katika maisha yetu yaliyoharibiwa vivyo hivyo! Kwa ulimi mtu huposa, na kwa ulimi uo huo humtukana mkewe. Mvua iliyootesha pamba yaweza kurudi bila kiasi na kuiozesha shambani.

Basi, Mungu alimwambia nini Yeremia? Hakumwambia akae katika majivu na kuyahesabu maneno yaliyoungua. Alimwamuru atwae gombo la pili, ayatie humo yote yaliyokuwamo katika lile la kwanza. Na mwisho wa sura hiyo tunaambiwa neno la kustaajabisha: gombo la pili lilikuwa na maneno mengi kuliko la kwanza.

Msidhani kwamba mambo ya namna hii ni ya Yerusalemu ya kale tu. Mto wetu wa Simiyu huingiza maji yake katika Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba hiyo kiko kisiwa cha Ukerewe. Huko aliishi mwandishi mmoja ambaye habari zake zafaa kujulikana katika kila nyumba hapa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega. Jina lake ni Aniceti Kitereza. Yeye alikuwa wa Kanisa Katoliki, nasi ni Walutheri. Lakini mti mwema hujulikana kwa matunda yake, hata ukiwa umeota katika shamba la jirani.

1. Aliweka akiba ya kusoma

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa watawala wa Ukerewe. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Alipelekwa kusoma katika misioni ya Kagunguli, kisha akavuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, huko Buhaya, akakaa miaka kumi, tangu 1909 hata 1919. Alijifunza Kilatini na Kijerumani, na elimu ya dini, na mambo ya wenye hekima wa kale. Lakini hakupata kuwa padre. Alirudi kwao, akaoa, akafundisha, kisha akafanya kazi ya karani huko Mwanza, hata Vita vya Pili vya Dunia vikaiondoa kazi ile, akarudi tena Kagunguli.

Labda wako waliosema kwamba miaka ile kumi ilipotea bure. Ndugu zangu, sisi Wasukuma twajua kazi ya michembe. Viazi vinapokuwa vingi, mama huvikata vipande, akavianika juani, akaviweka. Apitaye siku ile huona mama yule anajisumbua bure, kwa kuwa chakula kipo tele. Lakini miezi ya njaa ikija, vipande vile vikavu hutiwa chunguni, na watoto wakalala wameshiba. Kusoma ni kazi ya namna hiyo. Unaposoma leo huoni faida yake. Bali siku ya njaa ya moyo utaitafuta akiba yako, na kama hukuiweka, hutaikuta.

Mtume Paulo alilijua neno hili. Alipokuwa kifungoni, na wakati wa baridi u karibu, alimwandikia Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, tena amletee na vitabu (2 Timotheo 4:13). Alitaka nguo kwa ajili ya mwili, na vitabu kwa ajili ya moyo. Basi sisi ambao hatumo kifungoni, tuna udhuru gani? Mwinjilisti asiyesoma juma zima, kisha akasimama Jumapili kuwalisha watu, atawapa nini?

2. Aliikaa nyumba isiyo na mtoto

Kitereza alimwoa Anna Katura. Mungu aliwapa watoto, lakini hawakubaki. Walikufa wangali wadogo. Nyumba yao ikawa kimya.

Nanyi mwajua jinsi neno hili lilivyo zito kwetu. Mara nyingi nimeketi pamoja na wazee, mbele yetu mwanamke ambaye hana kosa lingine ila kwamba hakuzaa, au kwamba amezika wote aliowazaa. Wakwe zake humwita tasa. Mume amenyamaza, akitazama chini. Na maneno yanayosemwa ni ya ng'ombe: ni wangapi walitolewa, ni wangapi warudishwe. Tena hao wanaosema ni watu waliobatizwa, nao hushiriki meza ya Bwana.

Kitereza hakufanya hivyo. Hakumwacha Anna, wala hakuoa mke wa pili. Katika nyumba ile ya kimya alishika kalamu. Padre mmoja wa Kanada, jina lake Simard, alimtia moyo. Naye akaandika kwa Kikerewe hadithi kubwa ya mume na mke wa zamani, Myombekere na Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945.

Na hadithi hiyo yaanza wapi? Yaanza katika nyumba isiyo na mtoto. Bugonoka anatukanwa na jamaa za mumewe kwa kuwa hakuzaa, hata wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hatafuti mke mwingine. Aenda ukweni kumwomba mkewe. Atozwa pombe ya ndizi, aitafuta kwa taabu, airudia njia ile ile, hata apewa mkewe. Wapata tiba, na mwisho wapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Mtu aliyewazika watoto wake mwenyewe aliwaandikia wenzake watoto. Hakuona wivu juu ya watu aliowaumba kwa kalamu yake. Aliwapa furaha ambayo yeye hakubaki nayo.

Tena si hayo tu. Kitabu kile kimejaa mambo ya kila siku: watu wanavyosalimiana, wanavyolima, wanavyovua samaki, wanavyopika pombe, wanavyopokea mgeni na kuzika maiti. Mwandishi aliogopa kwamba vijana watasahau lugha na desturi za wazee wao, akaziweka zote humo. Wengi wetu twadhani kwamba Mungu hutazama siku kuu tu, siku ya kipaimara au siku ya mavuno. Lakini Bwana wetu alisema juu ya chachu na unga, juu ya mwanamke afagiaye nyumba akitafuta shilingi, juu ya wavuvi na nyavu zao. Maisha ya kila siku si makapi. Mtu aliyeumia hupona katika hayo: katika kuamka, kuteka maji, kuketi na mwenzake jioni, na kuifanya kazi ya mkono wake.

3. Alitwaa gombo la pili

Sasa sikilizeni yaliyokipata kitabu kile. Padre Simard alikifasiri kwa Kifaransa, lakini hakikupigwa chapa, na padre mwenyewe akafariki. Kitabu kikakaa. Miaka ikapita kumi, ikapita ishirini. Hakuna mfalme aliyekikata kwa kisu. Lakini kazi iliyowekwa kando bila msomaji yamuumiza mwenyewe karibu sawasawa na iliyotiwa motoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe watu wawili kutoka Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakichunguza habari za kale za kisiwa. Wakakiona kitabu, wakamshauri mzee akifasiri kwa Kiswahili, kwa kuwa Kikerewe ni lugha ya watu wachache. Wakati ule Kitereza alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na maumivu ya viungo yalimtesa. Angaliweza kusema, Nimekwisha kuandika mara moja, yatosha. Hakusema hivyo. Alianza tena ukurasa wa kwanza, akakifasiri chote mwenyewe, kitabu kikubwa cha sehemu mbili.

Hilo, ndugu zangu, ndilo gombo la pili. Nalo likawa na zaidi ya lile la kwanza, kwa kuwa la kwanza lingesomwa kisiwani tu, na la pili lafahamika tangu pwani hata Kongo. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kwa tarehe ya 1980. Baadaye, kati ya 1991 na 1993, kikatolewa kwa Kijerumani. Na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe.

Lakini Kitereza mwenyewe alifariki mwaka 1981, kabla ya kitabu kilichopigwa chapa kumfikia mkononi. Tangu 1945 alingoja miaka thelathini na zaidi, wala hakukiona.

Je, tuseme alishindwa? Rudini kwa Baruku. Katika sura ya 45 yeye naye alilia kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, wala haoni raha. Bwana akamjibu kwamba asijitafutie makuu. Bali atapewa uhai wake, kila mahali atakakokwenda. Hakuahidiwa sifa. Hakuahidiwa kuona matunda. Aliahidiwa kwamba Mungu atamhifadhi, na hilo lilimtosha. Na gombo alilolirudia kuandika, twasoma maneno yake hata leo hapa Bariadi.

Basi, wapenzi, kila mtu alitazame gombo lake lililoungua.

Wewe mwinjilisti, uliyefundisha vijana kumi wa kipaimara, nao wametawanyika wote: anza tena na wa kumi na mmoja. Wewe mkulima, ambaye mwaka jana pamba haikukulipa hata gharama ya mbegu na dawa: usiitupe imani yako pamoja na mabua. Wewe mume, ambaye mkeo amerudi kwao kwa ajili ya matusi ya jamaa zako: njia ya ukweni unaijua, inuka uende. Nawe mama usiyekuwa na mtoto, ujue ya kuwa kanisa halina haki ya kukuita kwa jina la msiba wako. Jina lako ni lile ulilopewa katika ubatizo.

Tena nawaomba jambo moja dogo. Kila mtaa uwe na daftari. Vijana wajuao kuandika wawaendee wazee, waandike habari zao kwa Kisukuma na kwa Kiswahili: jinsi Injili ilivyofika, jinsi njaa zilivyopita, jinsi watu walivyosaidiana. Na kila jioni isomwe sura moja nyumbani kwa sauti, hata asiyejua kusoma apate akiba yake.

Na tuombe: Ee Bwana, wewe uyajuaye maneno yote tuliyoyapoteza, utupe mkono wa kuanza tena na moyo wa kungoja. Uwafariji waliozika watoto wao. Uilinde ndoa iliyo kimya. Na kazi tusiyoiona mwisho wake, uishike wewe mkononi mwako, kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.