Nani Alipe Gharama ya Kujifunza?

Kila ufundi huanza kwa kuharibu. Mwashi ajifunzaye hupindisha ukuta, mpishi mpya huunguza wali, na hakuna mtu awalaumuye kwa hayo, maana hakuna aliyezaliwa fundi. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi twalipita bila kulitazama: kile kilichoharibika chaenda kwa nani? Tulipime swali hili katika kazi ndogo, wasomaji wapenzi. Tumfikirie kijana wa Nyangwe anayejifunza kushona ala za visu kwa cherehani ya ngozi.

Twataja Nyangwe kwa sababu. Mji huu ulio ukingoni mwa mto Lualaba ulijulikana mbali kwa soko lake. Livingstone aliliona soko hilo mwaka 1871, lenye watu wengi, hasa wanawake. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wachache wenye bunduki waliingia sokoni wakawapiga risasi wanunuzi na wauzaji. Mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Basi mahali hapa pajua silaha iliyo wazi ni kitu gani katikati ya watu waliokuja kwa amani. Kisu si bunduki, na kila nyumba yakihitaji. Lakini ala ndiyo impayo mtu ruhusa ya kupita na makali yake kati ya wenzake, wala asiwepo wa kuogopa. Bwana wetu naye, usiku ule wa bustani, alimwamuru Petro aurudishe upanga alani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ala ina vipande viwili vya ngozi, na katikati yake, upande wa makali, ukanda wa tatu. Ukanda huo hupokea makali yasiufikie uzi. Ngozi ikiwa na unene wa milimita 3, tabaka tatu ni milimita 9. Cherehani ya nguo itavunja sindano tu hapo, yatakiwa ile nzito. Sindano yake ina ncha iliyonolewa, hukata njia ndani ya ngozi. Kwa hiyo matundu yakikaribiana mno, ngozi hupasuka mstari mzima, kama karatasi iliyotobolewa. Mwanafunzi akirudia mshono uleule ili kuficha kosa, azidi kuidhoofisha. Tena uzi wa juu na uzi wa chini yafaa vifungane katikati ya ngozi; vikikazwa vibaya, mmoja walala juu kama kamba iliyonyoshwa, na ukikatika, mshono wafumuka.

Fundi wa mkono, mwenye msharasi, uzi mmoja na sindano mbili, hufanya polepole, lakini mshono wake ukikatika mahali pamoja, mahali pengine pashika. Cherehani basi haimpi mtu kazi iliyo imara zaidi. Yampa wepesi, na wepesi huo wazidisha kosa kama uzidishavyo wema. Mwenye msharasi akikosea, aharibu ala moja kwa asubuhi. Mwenye cherehani aharibu kumi.

Je, ala hizo kumi ziende wapi? Ngozi ni ghali, kijana ni maskini, na nyumbani wamngoja. Atasema: «Nitaziuza kwa bei ndogo, anayenunua kwa bei ndogo ajua anunuacho.» Neno hili lasikika kama haki. Lakini Waarabu wana methali juu ya mtu ajifunzaye kuumika kwa vichwa vya yatima. Kwa nini yatima? Kwa sababu hana baba wa kuja kudai. Tukiuza kazi yetu mbovu kwa bei ndogo, itamfikia nani, kama si yule asiyeweza kununua nyingine, wala kushtaki?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ila iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei ipasavyo. Lakini ila iliyofichika, iletayo hasara au hatari, yampasa kuisema. Tufuate njia hiyo. Mshono uliopinda huonekana. Mwenye kuupenda kwa bei yake na aununue. Lakini ule ukanda wa kati, ukingoni waonekana kama mstari tu. Upana wake ndani hakuna aujuaye ila aliyeuweka.

Nasi twathubutu kuongeza neno. Hata kusema hakutoshi kila mara. Mnunuzi amesikia onyo. Lakini mkewe atakayekibeba kisu shambani hakusikia, wala mtoto atakayeshikwa mkono kando yake. Neno lilisemwa kwa mmoja, na ala hutumiwa na nyumba nzima. Kwa hiyo ila ya sura yaweza kuuzwa kwa kweli na kwa bei ya haki. Ila ya usalama isiuzwe kabisa.

Basi nani alipe? Kwanza mwanafunzi mwenyewe, kwa jasho na saburi: ashone karatasi ngumu bila uzi, alizungushe gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu, kisha atumie mabaki ya ngozi. Ala yake ya kwanza aipasue kwa kisu, aone fundo liko wapi na ukanda una upana gani. Ya pili aivae yeye, kiunoni mwake. Kisha mwalimu wake alipe, kwa kutomharakisha ili apate faida. Nasi tulipe pia: wazazi kwa kungoja, na sisi sokoni kwa kutodai ala nzuri kwa bei ya ala mbovu. Twamlazimisha kijana adanganye, halafu twamwita mdanganyifu.

Haraka haraka haina baraka, tumelisema hilo tangu utoto. Yafaa tuongeze kwamba hasara ya haraka mara nyingi haimpati mwenye haraka. Yampata mwingine, ambaye hakuwapo ngozi ilipokuwa ikishonwa.