Subira ya Msonobari, Haraka ya Msumeno

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeisimamisha milima na akaotesha juu yake alichokitaka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.



Amma baad. Ninakuusieni, na ninaiusia kwanza nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu. Katika toleo hili nataka tuzungumze juu ya istiqama, yaani kudumu kwenye njia iliyonyooka bila kuchoka na bila kukatiza. Sahaba mmoja, Sufyan bin Abdillah (R.A.), alimwomba Mtume (S.A.W.) neno moja katika Uislamu ambalo hatahitaji kumwuliza mtu mwingine baada yake. Mtume akamfundisha aseme kuwa amemwamini Mwenyezi Mungu, kisha awe na istiqama. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Neno lenyewe ni fupi, lakini kulitekeleza ni kazi ya umri mzima.

Katika Sura Ibrahim, aya ya 24 na ya 25, Mwenyezi Mungu analipigia neno jema mfano wa mti mwema ambao mizizi yake imeshika ardhini, matawi yake yamepanda juu, na matunda yake hayakatiki kwa idhini ya Mola wake. Wafasiri wengi wamesema neno hilo ni Laa ilaha illallah, na mti huo ni mtende. Mimi nasoma masomo ya misitu, na kila nikiifikia aya hii nakumbuka pia mti mwingine ambao Waarabu wa jangwani hawakuujua. Leo nitautumia kama ishara miongoni mwa ishara za Muumba.

Msonobari tunaoujua sisi huku ni ule wa mashamba ya mbao. Hupandwa kwa mistari, hukua haraka, na baada ya miaka 20 hivi huwa umeshakatwa na kupasuliwa mbao. Huko Marekani, katika milima mirefu ya majimbo ya California, Nevada na Utah, kuna ndugu yake wa mbali aitwaye bristlecone. Huota kwenye kimo cha mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Katika Milima ya White, mashariki mwa California, umo mmoja waliouita Methuselah, kwa jina la mzee ambaye wanahistoria wetu pia humtaja katika nasaba ya Nabii Nuh (A.S.). Umri wake ni zaidi ya miaka 4,800. Piramidi kubwa ya Misri ilipokuwa ikijengwa, mti huu ulikuwa tayari umeota. Mtume wetu (S.A.W.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina, ulikuwa umeshatimiza zaidi ya miaka 3,400. Na hivi unavyosoma maneno haya, bado uko hai. Mahali hasa uliposimama hapatangazwi, ili watu wasiuharibu.

Mtu akisikia hayo, atadhani mti huo umepewa udongo wenye rutuba na mvua ya kutosha. La hasha. Ardhi yake ni mwamba mweupe wa dolomaiti, wenye chakula kidogo sana kwa mimea. Mvua na theluji kwa mwaka mzima ni milimita 300 hivi tu. Upepo ni mkali, baridi ni kali zaidi, na majira ya kukua ni wiki chache. Shina lake huongezeka unene kidogo mno, pengine lisifikishe sentimita tatu kwa miaka 100.

Mtaalamu aliyeuchunguza kwa kina, Edmund Schulman wa Chuo Kikuu cha Arizona, ndiye aliyegundua jambo la ajabu: miti iliyoishi zaidi ni ile iliyo mahali pagumu zaidi. Iliyo mahali penye maji na udongo mzuri hukua upesi, hunyooka na kupendeza, lakini hufa mapema. Ile ya kwenye mwamba mkavu hukua polepole, na kwa sababu hiyo mbao yake hushikamana, huwa nzito na kujaa ulimbo. Wadudu hushindwa kuitoboa na ukungu hushindwa kuiozesha. Na kwa kuwa mimea mingine haiwezi kuishi hapo, hata moto haupati njia ya kusambaa kutoka mti hadi mti.

Hapa pana funzo la kwanza. Wengi wetu tunaona dhiki kuwa ndiyo sababu ya kushindwa kusimama. Ada haijatimia, chumba cha hosteli tunalala wanne, ratiba ya mihadhara imekaa juu ya swala ya adhuhuri, na darasani dada anaulizwa kila siku kwa nini anajisitiri. Tunajiambia, "Nikimaliza chuo, nikipata kazi, nikitulia, hapo nitakuwa Muislamu mzuri." Ndugu yangu, huo utulivu unaousubiri huenda ukawa ndio udongo laini. Mwenyezi Mungu ametuambia mara mbili mfululizo, katika Sura Al-Inshirah, kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Alfajiri unayoamka leo kwa taabu ndiyo inayokaza mbao yako.

Huenda mmoja wenu akaniuliza: je, Mtume (S.A.W.) hakumfananisha muumini na mmea laini wa shambani, ambao upepo huuinamisha na kuuinua, na akamfananisha mnafiki na mti mgumu wa arza, ambao husimama wima mpaka ung'olewe kwa mara moja? Ndivyo, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim, na wapo wanaoifasiri arza kuwa ni aina ya msonobari. Lakini tuangalie kinacholengwa. Muumini anasifiwa kwa kuwa misukosuko inamfikia naye anarejea, na mnafiki anatajwa kama mti usioguswa na chochote mpaka siku ya kuanguka kwake. Huu wa milimani upepo umeupinda na kuusokota tangu ulipokuwa mche. Haukosi mtihani hata mwaka mmoja.

Funzo la pili liko kwenye gome lake. Ukame ukizidi, mti huu haujaribu kuokoa kila kitu. Huacha sehemu kubwa ya shina ife, ukabakisha ukanda mwembamba wa gome hai unaounganisha mzizi na matawi machache ya juu. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni gogo, kumbe maji yanapanda. Hata majani yake, membamba kama sindano, hauyaangushi ovyo. Jani moja hukaa mtini miaka 30 au zaidi.

Sasa tujitazame wakati wa mitihani. Wengi wetu tunapozidiwa, cha kwanza kukatwa ni swala. Simu haikatwi, soga za usiku hazikatwi, mechi ya Jumamosi haikatwi, bali kinachokatwa ni ule ukanda unaotoka kwenye mzizi. Mti umetuzidi busara. Ukibanwa, punguza vikao, punguza safari, hata sunna za ziada unaweza kuzipunguza kwa muda, lakini faradhi tano usiziguse. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Kurasa mbili za Qur'ani kila siku kwa miaka minne ya chuo zina uzito kuliko juzuu kumi za Ramadhani moja na kisha msahafu ukabaki kabatini.

Funzo la tatu ni la baada ya kufa. Msonobari huu ukifa hauozi upesi. Magogo yake hukaa juu ya mwamba kwa maelfu ya miaka. Wataalamu walilinganisha pete za mwaka za miti iliyo hai na za magogo yaliyolala chini, wakapata kumbukumbu inayorudi nyuma karibu miaka 9,000. Kwa kumbukumbu hiyo waliweza kusahihisha hesabu za kupima umri wa vitu vya kale kwa njia ya kaboni. Mti umekufa zamani, lakini bado unasomesha. Huyo Schulman mwenyewe alifariki mwezi wa Januari 1958 akiwa na miaka 49 tu, na makala yake maarufu kuhusu miti hii ikachapishwa miezi miwili baada ya kufa kwake. Aliyepima miaka elfu nne na ushei hakufikisha 50. Nasi Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa umri wa umma wake ni kati ya miaka 60 na 70, na kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Utafiti unaouandika leo kwa nia safi unaweza kuwa katika hiyo ya pili.

Ndugu zangu, hayo ni ya subira. Sasa tuje kwenye haraka.

Mwaka 1964, katika mlima wa Wheeler Peak huko Nevada, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, kama mimi na wewe, alikuwa akitafiti historia ya hali ya hewa na barafu. Jina lake limeandikwa vitabuni, ila silitaji hapa, kwa kuwa sikusudii kumhukumu mtu aliyekwisha kufa. Wanaosomea misitu wanaijua keekee nyembamba ya kutoboa shina na kutoa kijiti chenye pete za mwaka bila kuuua mti. Kwa mti aliouchagua, keekee haikumpatia alichokitaka. Akaomba ruhusa kwa wenye mamlaka ya msitu, akapewa, na mti ukakatwa. Kisha akakaa kuhesabu pete. Zilikuwa 4,844. Kwa wakati ule hakuna aliyewahi kuhesabu mti wenye umri mkubwa zaidi ya huo. Mwaka 1986 eneo lile lilifanywa hifadhi ya taifa, lakini mti hakuna tena.

Tuzingatie: hakuwa mhuni, na hakuvunja sheria. Alikuwa na elimu, nia ya utafiti na kibali kilichosainiwa. Kilichokosekana ni kutulia na kujiuliza ni amana gani iliyo mbele yake. Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimsifu Al-Ashajj wa Abdul Qays kwa sifa mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu: upole na kutofanya pupa. Na katika Sura Al-Anbiyaa tumeambiwa kwamba mwanadamu ameumbwa na haraka.

Kila mmoja wetu amefika chuoni akiwa na mti ndani yake. Mama alikufundisha Fatiha ukiwa na miaka minne. Maalimu wa madrasa alivumilia utoro wako. Baba aliuza ng'ombe ili ulipe ada. Hiyo ni miaka 20 ya pete, moja juu ya nyingine. Nimewaona vijana, na sitaji mtu, waliokuja hapa wamehifadhi juzuu kadhaa, wakazipoteza kwa muhula mmoja. Mmoja alianza kubeti kwa pesa ya chakula, akaingia kwenye mikopo ya simu yenye riba, akaishia kubeti ada. Mwingine alimlipa mtu amwandikie tasnifu, na leo ana shahada asiyoweza kuitetea mbele ya Mola wake. Katika Sura An-Nahl, aya ya 92, tumekatazwa tusiwe kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukakazana, kisha yeye mwenyewe akaufumua vipande vipande. Kazi ya kusokota ni ndefu, na kufumua ni jioni moja.

Lakini, alhamdulillah, iko tofauti kubwa kati yako na mti ule. Kisiki cha Wheeler Peak hakikuchipua tena. Wewe, madamu roho haijafika kooni, mlango wa toba uko wazi. Sura Az-Zumar, aya ya 53, inawakataza waliojidhulumu nafsi zao kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Basi uliyekata, rudi. Rudi leo kwenye swala inayofuata, usingoje Ramadhani.

Kwa hiyo ninashauri mambo matatu. Chagua amali moja ndogo, dhikri ya asubuhi au rakaa mbili za usiku, na usiiache hata siku ya mtihani. Chagua rafiki mmoja wa kuamshana naye alfajiri, kwani mtu peke yake hulala. Na kabla ya uamuzi wowote usioweza kurudishwa, iwe pesa, ndoa au kuacha masomo, swali istikhara na umwulize mkubwa wako. Hapo utakuwa umeuweka msumeno chini kwanza.

Ewe Mola wetu, thibitisha nyoyo zetu katika dini yako. Tujaalie elimu yenye manufaa, rizki ya halali na mwisho mwema. Warehemu wazazi wetu na walimu wetu, wasahilishie wenzetu mitihani yao, na warudishe waliopotea kati yetu kwa upole wako. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.