Nani Awashe Moto Jikoni?

Miaka michache iliyopita, hapa Masieda, nilihubiri kwa ukali juu ya akina mama wasiopika. Nilikuwa nimeona watoto wakipewa sarafu wanunue maandazi njiani kwenda shule, na jioni wakinywa chai tupu na kulala. Nilisema kwamba nyumba isiyowasha moto jikoni imeacha kulea. Washarika wakaitikia amina.

Baada ya ibada mama mmoja alinisubiri mlangoni. Hakuwa na hasira. Akasema, "Baba Mchungaji, neno nimelipokea. Ila nisaidie kuhesabu. Naamka saa kumi na moja, nachota maji, naenda shamba. Nikirudi natafuta kuni. Jumatano jioni kuna kwaya, Alhamisi jumuiya, Ijumaa kikao cha wanawake. Makande yanataka saa tatu motoni. Niyapike saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ratiba ile ya vikao niliipanga mimi. Na nilipofika nyumbani nilikuta chakula mezani, kama siku zote, wala sikuwahi kujiuliza kimefikaje pale.

Tangu siku hiyo nimeisoma upya habari ya Martha na Mariamu katika Luka 10. Sisi wahubiri hupenda kumlaumu Martha, kana kwamba kupika ni kazi duni. Lakini lalamiko lake lilikuwa kwamba ameachwa atumike peke yake. Yesu alimwonya kuhusu mahangaiko. Hakuidharau kazi ya mikono yake. Na katika Yohana 21, baada ya kufufuka, wanafunzi waliofanya kazi usiku kucha walikuta ufuoni moto wa makaa, samaki na mkate. Bwana mwenyewe akawakaribisha wale. Aliyeshinda mauti hakuona aibu kuwaandalia chakula watu waliochoka.

Martin Luther naye, alipoandika juu ya ndoa mwaka 1522, alimtaja baba anayefua nepi za mwanawe huku watu wakimcheka. Alifundisha kwamba kazi hiyo ikifanywa kwa imani humpendeza Mungu na malaika zake. Kama nepi ni wito, sufuria nayo ni wito, na wito huo haukupewa jinsia moja.

Je, andazi la kununua ni dhambi? Hapana. Tunapoomba mkate wa kila siku, hatumwambii Mungu uokwe wapi. Lakini tunapokula pamoja kuna jambo tunalolipata: mzazi humwona mtoto asiyekula, akamuuliza kuna nini. Saa hiyo inastahili kutafutwa, na ni wajibu wa nyumba nzima kuitafuta. Ukimdai mama peke yake, unamtwisha mzigo na kuuita upendo.

Baraza la wazee lilikubali kuhamishia mazoezi ya kwaya Jumapili baada ya ibada, na kikao cha wanawake kikafanywa mara moja kwa mwezi. Nyumbani kwangu tunaloweka maharage usiku ili yaive upesi kesho yake, na Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, napika mimi. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge. Watoto walicheka, lakini walikula. Mzee mmoja aliyenikuta nasonga aliuliza kama Mama Mchungaji amesafiri. Nikamjibu, "Yupo, mzee wangu. Amepumzika."

Mama yule bado anachota maji mbali. Kubadili ratiba hakukuuondoa mzigo wake wote, nami sitadai hivyo. Ila sasa Jumatano jioni yuko nyumbani, na wanawe wa kiume wanabeba kuni.

Wapendwa, kabla hatujauliza kwa nini nyumba ya jirani haipiki, tujiulize nani amezichukua saa zake. Na wewe baba unayesoma haya, leo jioni ingia jikoni, uulize pa kuanzia. Bwana atusaidie.