Dakika Nne Hadi Busisi

Baba mkubwa alipofariki, kaka yangu alipanda ndege Dar es Salaam na baada ya kama saa moja na nusu akawa Mwanza. Nikampokea, tukapita Usagara, tukateremka hadi Kigongo, na hapo tukakuta foleni ya magari. Busisi, ng'ambo ya pili, tulikuwa tunaiona kwa macho. Tulisubiri kivuko muda mrefu kuliko ule aliokaa angani. Tulipofika Sengerema maziko yalikuwa yamekwisha, vijana wananawa udongo mikononi. Hakuna aliyetulaumu. Mama mkubwa alisema tu, "Ni maji yamewachelewesha, wanangu."

Maneno hayo yamekuwa yakinirudia tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya ziwa, kutoka Kigongo huku kwetu Misungwi hadi Busisi. Kivuko kilichukua kama nusu saa majini, foleni haihesabiwi. Sasa gari linavuka kwa dakika nne hivi. Kwa mgonjwa anayekimbizwa Bugando tofauti hiyo ni uhai wenyewe, na sitaki nionekane mtu asiye na shukrani. (Waliokuwa wakiuza karanga na samaki wa kukaanga pale foleni wana hesabu yao nyingine.)

Swali langu ni dogo zaidi: njia ikifupishwa, wajibu unaongezeka?

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer, akiandika kuhusu wakimbizi wa Bengali, alidai kwamba umbali haubadilishi kitu. Mtoto anayezama kwenye bwawa mbele yako na mtu anayekufa njaa nchi ya mbali wana haki ileile kwako, mradi unaweza kuwasaidia. Nilipomsoma chuoni nilikubali upesi sana. Ni rahisi kukubali habari za Bengali ukiwa Mwanza. Sikuwahi kuligeuza swali lake kuelekea Sengerema.

Naona bado ana haki, lakini kuna jambo hakuligusa. Umbali haukunipunguzia wajibu. Ulinipa la kusema. Zamani nilikwenda kwa mama mkubwa mara mbili kwa mwaka, naye akinisifu mbele ya majirani kwamba mtoto huyu anavuka maji kuja kuniona. Nisipokwenda, kivuko kilibeba lawama. Nilidhani udhuru ule ulikuwa wangu peke yangu. Kumbe naye aliuhitaji. Ulimwezesha kukaa miezi sita bila kufikiri kwamba mtoto aliyemlea hamkumbuki.

Tangu daraja lifunguliwe nimevuka mara nyingi, nikienda Geita kikazi. Barabara inapita Sengerema. Napunguza mwendo karibu na njia ya kwake, naangalia saa, naendelea. Kuhusu kumtembelea, idadi ni ileile ya enzi za kivuko, na mwaka huu imepungua.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Tukasalimiana, akauliza watoto, akauliza mvua. Kisha akasema, "Baba, hilo daraja wamelifunga? Naona kama wanalitengeneza."

Nikamwambia hapana, mama, liko wazi.

Akanyamaza, nami nikanyamaza, salio lake likiendelea kukatwa.